Kegi Hupimwa Ikiwa Tupu: Kuzuia na Kurekebisha Uvujaji kwa Mtengeneza Bia wa Nyumbani

Utangulizi



Kegi nyingi za lita 19 tunazotumia nyumbani hazikuundwa kwa ajili ya bia. Zilianzia Marekani kwenye biashara ya soda, na hadi leo wengi huziita kwa jina la kampuni ya Cornelius. Biashara hiyo ilipoziacha, zilinunuliwa kwa bei nafuu na watengeneza bia wa nyumbani, ambao sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 ilikuwa imewafungulia njia. Kwa hiyo nyingi hutufikia zikiwa na mipira iliyochoka. Hoja yangu ni moja: uvujaji utafutwe kabla bia haijaingia.

Inapovujia

Chuma chenyewe hutoboka kwa nadra. Kagua mpira mkubwa wa kifuniko, mpira wa nje wa kila kiungio, mpira mdogo chini ya shingo ya kila bomba la ndani, vali ndogo za springi, vali ya usalama, na washa iliyopo kati ya regulata na mtungi wa gesi.

Namna ya kupima

Ingiza gesi hadi psi 30 ili kifuniko kikae sawasawa, kisha paka maji ya sabuni kila kiungo, kama tunavyopima gesi ya kupikia. Viputo vitakuonyesha mahali. Uvujaji mdogo sana hautoi viputo upesi. Kwa hiyo funga vali ya mtungi, uache geji hadi kesho uone kama presha imeshuka. Kipimo hiki hakiaminiki kegi ikiwa na bia ambayo haijashiba gesi, kwa sababu bia huinywa kaboni dioksaidi na presha hushuka hata pasipo tundu.

Kurekebisha

Toa presha yote kwanza. Kegi yenye presha haifunguliwi. Badilisha mipira yote kwa pamoja, maana ya zamani hubaki na harufu ya soda. Ipake grisi ya silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula. Kiungio cha gesi kisibadilishane nafasi na cha bia. Pale regulata inapoungana na mtungi usizungushe tepu ya bomba. Kinachoziba hapo ni washa. Kukaza kupita kiasi hukata mpira na kuongeza tatizo.

Usalama

Kaboni dioksaidi haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na hutuama chini. Mtungi unaovuja ndani ya chumba kidogo kilichofungwa unaweza kuua. Weka mitungi penye hewa ya kutosha.

Hitimisho

Seti ya mipira ni bei ndogo kuliko mtungi mmoja wa gesi uliopotea usiku kucha. Nawaomba, ndugu washiriki, kila mmoja awe na seti ya akiba, na asijaze bia kwenye kegi ambayo haijalala na presha hadi asubuhi.