Ndege ya Jeshi Ikianguka, Mzazi Ana Haki ya Kuuliza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Pemba)



Nimetakiwa nizungumze juu ya ajali za ndege katika mazoezi ya kijeshi. Huenda mtu akasema: Pemba na ndege za vita, wapi na wapi? Jawabu ni kwamba vijana wa kisiwa hiki wamo jeshini, na wazee wao tunao humu.

Tarehe 24 Juni 2021 helikopta ya Jeshi la Anga la Kenya, aina ya Mi-171, ilianguka Ole-Tepesi, Kajiado, ikiwa mazoezini. Tangazo la kwanza la jeshi lilitaja saa, mahali na aina ya chombo. Idadi ya waliokufa halikuitaja. Wazazi wakaachiwa kuokota hesabu magazetini.

Tarehe 18 Aprili 2024 ikaanguka nyingine, Elgeyo Marakwet, akafa Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, na wenziwe 9. Siku ile ile Rais Ruto alilitangazia taifa kwa kinywa chake, na mwaka 2025 taarifa ya uchunguzi ikatolewa hadharani, ikieleza kuwa injini ndiyo iliyoharibika. Hivyo ndivyo ipasavyo, na twawasifu. Basi ikiwa kifo cha jenerali chaweza kuelezwa bila ya kuhatarisha ulinzi wa nchi, na cha askari wa chini chaweza.

Sisi khasa hatuhitaji kufunzwa thamani ya hesabu. Septemba 2011 Spice Islander ilipozama ikija Wete, maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Tume ilipotoa taarifa yake mwaka 2012, pamoja na waliopotea walipita 1,500. Kati ya namba mbili hizo mna watu wenye majina, na mirathi, na wake wasiojua eda waianze lini.

Ulinzi ni jambo la Muungano. Mzazi wa Micheweni aliyefiwa na mwanawe mazoezini hatapata jawabu Baraza la Wawakilishi. Swali lake halina budi kupelekwa Dodoma na mbunge. Kwa hivyo natoa shauri: kila atakayekuja kutuomba kura za ubunge aahidi kwa maandishi kwamba askari akifa mazoezini atauliza jina lake, sababu ya ajali, na haki ya mayatima wake, wala hataketi mpaka ajibiwe. Asiyekubali kutia saini, na tumjue mapema.