Kagua Nyumba Kabla ya Kuiuza

Hotuba kwa wenye nyumba katika baraza la makazi



Mwenye nyumba akiamua kuuza, fundi wa kwanza kumwita huwa ni wa rangi. Kuta zikishang'aa, bango linatundikwa langoni. Makosa huanzia hapo.

Chukulia mama anayeuza nyumba ya ghorofa karibu na bahari ili alipe karo ya wanawe. Bei imeafikiwa, mnunuzi ametoa asilimia 10 kama ilivyo kawaida, na mawakili wameweka siku 90 za kukamilisha mauzo. Ndipo mhandisi wa mnunuzi anapofika na nyundo ndogo. Anagonga dari ya saruji, nayo inalia kama debe tupu. Hewa ya chumvi imepenya, vyuma vimeshika kutu, na chuma chenye kutu hufura kikapasua saruji kutoka ndani. Rangi mpya ilificha tu. Sasa mnunuzi anataka apunguziwe bei, na anachotaja kinazidi gharama ya matengenezo, maana anahofia pia asiyoyaona. Karo haingoji. Mama atakubali.

Lau angemwita mhandisi mapema, angekuwa na hiari: atengeneze, au aseme wazi na kupanga bei akijua kasoro iko wapi. (Fundi aliyeijenga nyumba asiwe ndiye anayeikagua, hatajisuta.) Atafutwe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, aangalie pia paa, nyaya za umeme na tangi la maji taka.

Lakini nyumba nzima nzima inaweza kukwama kwa karatasi. Wengi wameongeza vyumba vya kupangisha uani bila ramani kuidhinishwa, ilhali Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi. Wakili wa mnunuzi ataiomba ramani hiyo. Ataomba pia cheti cha kuonyesha kwamba kodi ya ardhi ya kaunti haidaiwi, na malimbikizo ya miaka mingi hayalipiki kwa siku moja. Haya yote yakaguliwe pamoja na kuta, kabla ya bango.

Maafisa wa mipango na wa mapato wako kwenye meza karibu na mlango. Aliyekuja na nambari ya kiwanja chake aulize leo anadaiwa kiasi gani.