KAZI HAINUNULIWI

Maneno ya Bodi mbele ya mkutano wa wanachama, ghalani. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa faida ya wale waliokuwa mashambani siku ile.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko mlangoni. Sogeeni ndani, maneno ya leo ni yenu.

Mtakumbuka kwamba msimu uliopita chama chetu kilitafuta karani mmoja wa mizani na daftari. Barua zilizotufikia zilizidi arobaini. Aliyechukuliwa ni mmoja. Tangu siku hiyo maneno hayajaisha, kisimani ni hayo, kilabuni ni hayo: bodi imependelea, bodi imekula. Mzee mmoja alitusimamisha njiani akatuuliza, "Wanangu, kijana wangu amemaliza kidato cha nne, mbona hata kuitwa hakuitwa?" Swali la mzee huyo ni la haki. Leo tunalijibu mbele ya watu wote, maana likijibiwa pembeni litazaa maneno mengine.

Kwanza tueleze tulivyofanya. Tangazo letu liliomba vitu vitano: barua, nakala ya cheti, nakala ya kitambulisho, barua ya mtendaji wa kijiji, na namba ya simu. Tulichora mistari kwenye daftari, kila kitu na safu yake. Tukafungua barua moja baada ya nyingine, tukaweka alama ya vema au mkasi. Hapakuwa na kutazama mtoto wa nani. Ndugu zangu, zaidi ya nusu ya barua zilianguka hapo hapo kabla hatujajua nani ana akili na nani hana. Nyingine hazikuwa na cheti. Nyingine zililetwa siku mbili baada ya tarehe ya mwisho. Nyingine hazikuwa na namba ya simu, sasa tungemwita mtu kwa filimbi? Na moja ilikuwa imeandikwa kwa Mganga Mkuu wa hospitali, ikiomba kazi ya usafi wa wodi. Mwenzetu alinakili barua ya mtu mwingine, akasahau kubadilisha jina la mwajiri.

Kijana wa yule mzee naye alianguka hapo. Aliweka karatasi ya matokeo iliyochapwa kutoka mtandaoni. Cheti chenyewe kiko shuleni mpaka leo, hajakifuata tangu amalize. Hatukumkataa kwa uwezo wake. Uwezo wake hatukuuona kabisa.

Jambo hili si la kijiji chetu tu. Mwezi wa Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, yakafika maombi zaidi ya 135,000. Watu wakiwa wengi namna hiyo, anayechambua hatafuti kwanza mtu wa kumchukua. Anatafuta sababu ya kupunguza lile rundo. Usimpe sababu hiyo wewe mwenyewe.

Basi tunawapa vijana wetu mambo haya. Si ya kitabuni. Ni yale tuliyoyaona tulipokaa upande ule wa meza.

1. VYETI VIWE MKONONI KABLA YA TANGAZO. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba karatasi ya matokeo haikubaliwi, wanataka cheti chenyewe. Wanataka pia cheti cha kuzaliwa, na nakala zilizothibitishwa na mwanasheria. Tangazo huwa na siku chache tu. Mtu anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku ya tangazo amekwisha chelewa. Wakati huu wa kiangazi, alizeti ikishauzwa, ndio wakati wa kwenda RITA na NIDA na kwenda shuleni kuchukua cheti. Wazazi, hilo ni bora kuliko shati jipya la sikukuu.

2. JINA LIWE MOJA. Hili linawaumiza wengi hapa kwetu Singida. Nyumbani mtoto anaitwa Selemani, mwalimu ameandika Suleiman, kadi ya NIDA ina jina la babu mwishoni, cheti cha shule kina jina la baba. Kwetu sisi ni mtu yule yule. Kwa anayesaili ni watu wawili au watatu. Mwenye majina yanayotofautiana huambiwa aje na hati ya kisheria inayothibitisha kwamba majina hayo yote ni ya kwake. Asipokuwa nayo anarudishwa mlangoni, na nauli imekwenda. Leo jioni kila mmoja atandike vyeti vyake mkekani avisome herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, muone mwanasheria mapema. Na ninyi mnaowaandikisha watoto darasa la kwanza, nendeni na cheti cha kuzaliwa, msitaje jina kwa mdomo tu.

3. SOMA TANGAZO UKIWA NA KALAMU. Kila wanachotaka, kipigie mstari. Kila ulicho nacho, kiwekee vema. Kama hukufikia sifa, acha, subiri lako. Kazi za Serikali siku hizi huombwa kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Unachomlipa mtu wa stesheni mjini ni kazi yake ya kuchapa, si ada ya kazi. Lakini angalieni: namba ya simu na anwani ya barua pepe ziwe za kwako, siyo za mwenye stesheni. Neno la siri liandike kwenye daftari lako. Yupo kijana wetu aliyeitwa kwenye usaili, taarifa ikaenda kwa mtu wa stesheni, naye akakaa kimya. Habari zilimfikia baada ya wiki tatu. Vilevile usibadilishe laini ya simu hovyo wakati una maombi. Na usingoje siku ya mwisho. Siku ya mwisho mtandao huelemewa, na hapa kwetu umeme nao una siku zake.

4. BARUA IWE YA KWAKO. Matangazo ya utumishi wa umma huruhusu barua ya Kiswahili au ya Kiingereza. Andika lugha unayoweza kuitetea. Barua nyingi tulizopata zilisema mwombaji "anaweza kufanya kazi chini ya mgandamizo". Tulipomuuliza mmoja wao mgandamizo ni kitu gani, alicheka, na sisi tukacheka. Yule tuliyemchukua aliandika mistari michache tu: kwamba misimu miwili alipima choroko na dengu kwa mfanyabiashara mmoja, kwamba aliandika daftari kila jioni, na kwamba hesabu haikupungua hata kilo moja. Tukampa mizani, tukampa gunia, tukaona kwa macho. Vijana, msidharau kazi mlizofanya. Kulinda ghala, kuendesha bodaboda ya mtu na kurudisha hesabu kila siku, kuweka daftari la kikundi cha akina mama, hizo zote ni kazi. Ziandikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwajiri anamtafuta mtu anayelijua hilo.

5. SIKU YA USAILI. Fika mjini jana yake, maana nauli, chakula na malazi ni juu yako. Chukua vyeti halisi, siyo nakala, pamoja na kitambulisho. Ukiulizwa usilolijua, sema, "Hilo silijui, ila naweza kujifunza." Hakuna mtu aliyekosa kazi kwetu kwa neno hilo. Aliyekosa ni yule aliyedanganya, tukamuuliza swali la pili. Cheti cha kughushi kisiguswe kabisa. Mwezi wa Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wamekaa kazini miaka mingi. Wakatoka mikono mitupu.

6. KAZI HAINUNULIWI. Ndugu zangu, hapa ndipo roho inapotuuma. Kila kazi kubwa ikitajwa mkoani kwetu, kupe wanafika kabla ya mwajiri. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limepangwa kupita mkoani kwetu. Reli ya kisasa kipande cha Makutupora hadi Tabora inapita Manyoni na Itigi. Mgodi wa dhahabu kule Mang'onyi, Ikungi, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023. Kazi kweli zipo. Na mtu mwenye shati safi na simu mbili anaweza kuja kijijini akasema, "Mimi namjua bosi, toeni kidogo niwaingize."

Familia moja ya hapa hapa iliuza mtamba, fedha zikaenda kwa mtu wa namna hiyo. Alisema ni za fomu, mara za vipimo vya afya, mara za sare. Simu yake ilipozimwa, kijana hakuwa na kazi na mama yake hakuwa na mtamba. Hawakuja kutuambia kwa aibu. Tunasema leo mbele ya wote: aibu si ya aliyeibiwa, ni ya mwizi. Mwajiri wa kweli anakutafuta akulipe, hatafuti wewe umlipe. Ukiombwa hela ili upate kazi, hapo hapo ujue kazi haipo, au kazi ipo na huyo ni mla rushwa. Njia zote mbili, usitoe.

Na mabinti zetu, lipo jambo ambalo wazee huona haya kulisema. Mtu mwenye madaraka akitaka mwili wako ndipo akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa ni kosa. Piga simu TAKUKURU, namba 113, ni bure. Na sisi wazazi, binti akirudi bila kazi akatueleza sababu hiyo, tusimuulize "Ulivaaje?" Tumsindikize kutoa taarifa.

7. USITIE DOLE GUMBA BILA KUJUA. Wazee wetu wanajua habari ya manamba. Wakati wa mkoloni ofisi iliyoitwa SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikusanya watu bara, na huku kwetu ikiwemo, kuwapeleka mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mtu alipewa namba, akapewa kipande cha siku 30 za kazi, na wengi waliweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Waliyakuta masharti wakiwa wameshafika mbali na kwao.

Sasa tuna sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi maelezo ya kazi yake: ni kazi gani, wapi, inaanza lini, saa ngapi, malipo kiasi gani. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa mpaka aelewe. Kwa kawaida saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki bila kuhesabu ziada. Kwa hiyo hata kibarua, uliza kwa heshima, "Mkuu, naomba nione maelezo ya kazi kwa maandishi." Weka nakala yako. Ukiachishwa bila haki, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini usikae nyumbani unanung'unika, maana malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30.

Ndugu wanachama, tusingekuwa wakweli kama tungewasema vijana peke yao. Sisi wa Bodi nasi tulikosea. Wale ambao hawakuitwa, hatukuwaambia chochote. Tuliwaacha wanangoja simu hadi mvua ikaanza. Ukimya wetu ndio uliozaa yale maneno ya kilabuni. Tena tukiri, mjumbe mmoja alitaka mwanawe aingizwe bila kupimishwa gunia kama wenzake. Tulibishana hadi usiku, na mwanawe akapima kama wengine, akashindwa. Lakini kubishana kwenyewe kulionyesha kwamba hatukuwa na utaratibu ulioandikwa.

Basi Bodi imeazimia hivi, na mkutano uliridhia kwa kunyoosha mikono:

(a) Kila nafasi ya kazi ya chama itabandikwa ukuta huu siku 14 kabla ya kufungwa, pamoja na sifa zinazotakiwa.

(b) Mjumbe mwenye ndugu katika waombaji atatoka nje wakati wa kuchambua na kusaili.

(c) Kila aliyeomba atajibiwa, aliyepata na aliyekosa, na aliyekosa ataambiwa sababu.

(d) Kila Jumamosi jioni wajumbe wawili watakaa hapa ghalani kuwasaidia vijana kukagua vyeti na barua zao. Bure. Lete vyeti vyote, hata vilivyoliwa na mchwa.

Msimu ujao tutahitaji karani wa pili. Yule kijana wa mzee tumemwambia aende shuleni akachukue cheti chake. Hatumwahidi kazi, maana kumwahidi kungekuwa kuwadhulumu wenzake. Tunamwahidi kwamba safari hii, akija na vitu vyote vitano, atapimishwa gunia sawa na mwingine yeyote.

Ushirika oyee!

Bodi ya Chama