Piga Picha, Usiukatize Wimbo

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana watakaopiga picha katika tamasha la muziki la shule.)



Miaka michache iliyopita nilichuchumaa mbele ya jukwaa nikimpiga picha mtoto wa shule ya msingi aliyekuwa akiimba peke yake. Ukumbi ulikuwa kimya. Flashi yangu ikamwaka usoni. Alifumba macho, maneno yakampotea, akashuka akilia. Picha ilitoka safi. Sikuichapisha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: zimeni flashi. Mwanga wa jukwaani hutosha ukijua kuutumia. Fungua lenzi kadiri inavyoruhusu, kisha pandisha ISO hadi 1600 au 3200. Kwa kwaya iliyosimama, kasi ya sekunde 1/125 yatosha. Kwa wachezaji ngoma, anza na 1/500. Afadhali picha yenye chembechembe kuliko iliyotikisika. Tena, pazia jeusi huidanganya kamera ikaongeza mwanga, na kanzu nyeupe ikabaki doa tupu. Pima mwanga usoni mwa mwimbaji, si kwenye pazia.

Pili, sikilizeni. Mlio wa kamera husikika mno sauti zinaposhuka. Ngoja kwaya ipaze sauti, au makofi yaanze. Ukitumia kamera kwa hali ya kimya, ijaribu kwanza wakati wa mazoezi, maana chini ya taa za LED picha zaweza kutoka na mistari. Kwenye mazoezi pia utajua mwimbaji wa peke yake anasimama wapi, nawe utachagua mahali pako mapema. Wimbo ukishaanza, usitembee.

Tatu, hawa ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha inayomtambulisha ni taarifa yake. Zungumzeni na walimu mapema ili wazazi waulizwe. Mzazi akikataa, heshimuni.

Beji mtakayovaa itawapa nafasi ya mbele, lakini waliokaa nyuma yenu wamekuja kusikiliza, na mtoto aliye jukwaani amefanya mazoezi muhula mzima kwa ajili ya dakika chache. Picha ikikuponyoka, nyingine itapatikana. Yeye hatapewa nafasi ya kuimba tena.