Upinde na Ugwe Wake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kenchi za paa zilizopindwa kama upinde, na sababu ya nguvu zao.

Kwanza fanyeni jaribio hili. Twaeni ufito mbichi, mkaupinde, mkausimamishe mezani, mgongo juu na ncha mbili chini. Ukandamizeni katikati kwa kidole. Mtaona ncha zateleza, moja kuume na moja kushoto. Sasa zifungeni kwa ugwe, mkandamize tena. Ncha hazitengani, ugwe umekazika, na ufito wauchukua uzito. Hiyo ndiyo siri yote. Upinde usio na ugwe husukuma kuta nje mpaka zipasuke. Ulio na ugwe huzilemea kwa chini tu.

Mafundi wa mji wa Belfast, katika kisiwa cha Ireland, waliitumia siri hiyo katika miaka ya 1860. Walitaka kufunika ghala pana pasipo nguzo katikati, wala hawakutaka kununua magogo makubwa. Wakachukua mbao nyembamba, wakazipinda ziwe upinde; chini wakaweka boriti iliyonyoka, ndiyo ugwe; na kati ya viwili hivyo wakapigilia fito zilizokingamana kama wavu. Juu wakatandika mbao na kitambaa kizito kilichotiwa lami. Kila kipande kilikuwa chepesi, lakini vyote pamoja vilikuwa na nguvu nyingi. Wakati wa vita vya 1914–1918 mabanda mengi ya eropleni yalijengwa hivyo Uingereza, na huko Duxford baadhi yake yangali yamesimama hata leo.

Walakini paa hili lina maadui wawili. Wa kwanza ni maji: mahali upinde na boriti vinapokutana, karibu na mfereji wa mvua, huoza upesi, wala mtu aliye chini haoni. Wa pili ni mwenye nyumba mwenyewe. Akiona boriti ya chini yamzuia kupitisha mzigo mrefu, husema, "Hii haichukui kitu, paa liko juu yake," akaleta msumeno. Siku ile huenda lisitokee neno. Lakini ikija dhoruba, kuta hufunguka, na paa huwaangukia waliomo.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kukata mti wowote chini ya paa, ulizeni kwanza: je, huu si ugwe? Kwaherini.