Kutoka "Uhuru" hadi "Uhura": Nichelle Nichols na Neno la Kiswahili katika Televisheni ya Marekani



Wanaoeleza historia ya kuenea kwa Kiswahili aghalabu hutaja misafara ya biashara, shule za misheni, majeshi ya wakoloni, redio, na vyama vya siasa vilivyopigania kujitawala. Orodha hiyo haina kosa. Hata hivyo, inaiacha njia moja ndogo iliyolifikisha neno la Kiswahili katika sebule za mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga Mombasa wala Dar es Salaam. Njia hiyo ilikuwa mwigizaji wa Kimarekani, Nichelle Nichols, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake. Mhadhara huu unamhusu yeye, na kwa sehemu kubwa unahusu irabu moja.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1932 katika mji mdogo wa Robbins, jimbo la Illinois, karibu na Chicago, akapewa jina la Grace Dell Nichols. Robbins ulikuwa mji wa Wamarekani Weusi waliojiendeshea mambo yao wenyewe, na baba yake alipata kuwa meya wake. Binti huyo basi hakukulia katika mazingira ya kuwaona watu weusi wakitumikia tu. Alikulia nyumbani kwa kiongozi. Jambo hili linafaa kukumbukwa litakapofikiwa suala la nafasi aliyopewa baadaye. Alijifunza kucheza dansi ya baleti, akaimba na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton, na mwaka 1959 alionekana miongoni mwa wachezaji dansi katika filamu ya Porgy and Bess. Mwaka 1964 aliigiza katika mfululizo wa televisheni ulioitwa The Lieutenant, katika kipindi kilichogusa ubaguzi wa rangi jeshini. Mtayarishaji wa mfululizo huo alikuwa Gene Roddenberry, na ndiye aliyemwita tena miaka miwili baadaye kwa ajili ya Star Trek.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Kwa masimulizi ya Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kusomea nafasi hiyo alikuwa amebeba kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, kilichotoka mwaka 1962. Kitabu kilizua mazungumzo, na maana ya neno hilo ilipoelezwa, likapendekezwa kuwa jina la afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani. Roddenberry aliona linasikika kwa ukali mno. Nichols akashauri mwisho wake ulainishwe kwa irabu a, na jina likawa Uhura. Kwa maelezo hayo, mwigizaji hakulipokea jina tu kama anavyopokea vazi la jukwaani, alishiriki kulitunga.

Kuna kejeli katika asili hiyo ambayo haipaswi kupitwa. Ruark alikuwa Mmarekani Mzungu, mwindaji na mwandishi, na riwaya yake inaitazama Kenya iliyokuwa mlangoni mwa kujitawala, zaidi kwa jicho la walowezi wenye hofu. Neno lililokuwa kichwa cha riwaya ya namna hiyo likaangukia mikononi mwa mwanamke mweusi, likageuka jina la afisa mweusi wa karne ya 23 ambaye hahitaji tena kumwomba mtu uhuru.

Wala neno hilo halikuwa geni kabisa katika masikio ya Wamarekani Weusi. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi santuri ya Uhuru Afrika, maneno yake yakiandikwa na mshairi Langston Hughes, na ndani yake sauti ya Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika ikisikika kwa Kiswahili. Tanganyika ilijitawala Desemba 1961, Kenya Desemba 1963. Mwaka 1966, mwaka uleule Star Trek ilipoanza, Maulana Karenga aliasisi sikukuu ya Kwanzaa, akichota kutoka Kiswahili maneno kama umoja, ujima, ujamaa, nia na imani. Nayo Kwanzaa ina irabu a iliyoongezwa mwishoni, ili herufi zake zitimie 7. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, maneno mawili ya Kiswahili yalifanyiwa ukarabati Marekani, na yote mawili kwa irabu ileile. Msanifishaji wa lugha angeweza kukunja uso. Mwanaisimu hana haja ya kufanya hivyo: lugha inayosafiri hutengenezwa na wale wanaoipokea, kama Kiswahili chenyewe kilivyoyatengeneza maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza bila kumwomba mtu ruhusa.

Irabu yenyewe inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Neno uhuru lina kiambishi awali u-, kinachounda nomino dhahania, na shina huru, lenye asili ya Kiarabu. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Mtu huru anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, na upatanisho hautabadilika. Kwa hiyo dhana kwamba -u ni ya kiume na -a ni ya kike haitoki katika Kiswahili. Imetoka katika mazoea ya lugha za Ulaya zenye mizizi ya Kilatini. Majina ya Waswahili yanaipinga waziwazi: Juma, Musa na Mustafa ni wanaume, ilhali Zainabu, Mariamu na Kulthumu ni wanawake.

Lakini jambo haliishii hapo. Katika Kiarabu, lugha lilikotoka shina hilo, -a ya mwisho ni alama ya kike kweli, na hurra humaanisha mwanamke huru. Aidha, msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaposikia Uhura, sikio lake hukimbilia Zuhura, jina la wanawake wengi, ambalo pia ni jina la sayari ing'aayo alfajiri na jioni. Ni sadfa tu. Hata hivyo ni sadfa iliyolipa jina hilo makazi: halikuwa neno la Kiswahili sanifu, lakini pia halikusikika kama mgeni asiye na jamaa.

Maelezo ya watayarishaji yalisema kwamba mhusika huyu ametoka katika Muungano wa Mataifa ya Afrika na kwamba lugha yake ni Kiswahili. Hilo halikubaki katika karatasi. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap", tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe kinachojigeuza sura kinamtokea Uhura kwa umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Yaani Kiswahili kilisikika katika Star Trek tangu jioni ya kwanza, na kilitumiwa kama lugha ya upweke na ukaribu: kiumbe kinajua kwamba mtu aliye mbali na kwao hunaswa kwa lugha yake. Katika "The Changeling", tarehe 29 Septemba 1967, Uhura anafutiwa kumbukumbu na mashine na kuanza kufundishwa upya kusoma Kiingereza, kwa sentensi za mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama, kinachomtoka ni Kiswahili. Lafudhi si ya Lamu wala ya Unguja, na hakuna sababu ya kudai iwe hivyo. La muhimu ni wazo lililo nyuma ya onyesho: lugha ya mama ndiyo inayobaki chini ya kila kitu. Katika miaka ambayo filamu nyingi za Hollywood ziliionyesha Afrika kwa ngoma na mayowe, wazo hilo lilikuwa hatua. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawakuliona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994.

Isidhaniwe kwamba jina tukufu lilimaanisha kazi tukufu. Mazungumzo ya Uhura yalipunguzwa mara kwa mara, na juma baada ya juma Nichols alijikuta akirudia tangazo lilelile kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Binti wa meya wa Robbins alikuwa amewekwa kwenye daraja la uongozi wa chombo, lakini kwa vipindi vingi kazi yake ilikaribia ile ya mpokeaji simu. Mwaka wa kwanza ulipokwisha aliamua kuondoka na kurudi katika tamthilia za muziki jukwaani. Katika hafla ya chama cha NAACP alikutana na Martin Luther King Jr., ambaye alijitambulisha kuwa mpenzi wa kipindi hicho. Alipomweleza nia yake ya kuacha, King alimkatalia. Hoja yake, kama Nichols alivyoisimulia kwa miaka mingi, ilikuwa kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wakionekana katika televisheni kama wanavyopaswa kuonekana, na kwamba nafasi ile haikuwa ya mtu mweusi tu wala ya mwanamke tu, hivyo akiondoka ingeweza kujazwa na yeyote. Alibaki.

Ushauri huo husifiwa sana, na kwa haki. Lakini una upande wa pili ambao wasimuliaji huupita haraka: msanii aliombwa kuitoa dhabihu sanaa yake kwa ajili ya picha yake. Aliombwa abaki kwa sababu ya kule kuonekana kwake, wakati yeye alitaka kuondoka kwa sababu ya yale asiyopewa kusema. Mambo yote mawili ni kweli, na maisha yake ya kazi yalipita katikati yake.

Kuhusu busu lake na William Shatner katika "Plato's Stepchildren", tarehe 22 Novemba 1968, yameandikwa mengi. Dai kwamba lilikuwa la kwanza baina ya Mzungu na Mweusi katika televisheni ya Marekani lina ubishi.

Mfululizo ulisimamishwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79. Mwaka 1974 Nichols aliigiza katika Truck Turner pamoja na Isaac Hayes, uhusika mkali usiofanana hata kidogo na Uhura, na unaodhihirisha kipaji ambacho Star Trek haikukitumia. Kisha alirudi kwa Uhura katika filamu 6, kuanzia 1979 hadi 1991. Kazi iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, aliifanya nje ya kamera. Baada ya kulikosoa hadharani shirika la anga la NASA kwa kuwasahau wanawake na watu weusi, mwaka 1977 aliingia mkataba nalo kupitia kampuni yake, Women in Motion, akazunguka nchi nzima akiwahimiza waombe nafasi za uanaanga. Maombi zaidi ya 8,000 yalipokelewa. Kati ya watu 35 waliochaguliwa Januari 1978, 6 walikuwa wanawake, akiwamo Sally Ride, na 3 walikuwa wanaume weusi: Guion Bluford, Ronald McNair na Frederick Gregory. McNair na Judith Resnik walifariki katika ajali ya Challenger tarehe 28 Januari 1986. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alisema wazi kwamba Uhura alimtia hamu akiwa mtoto, na akiwa huko juu alianza zamu zake kwa lile tangazo la njia za mawasiliano. Tangazo lililomchosha mwigizaji hatimaye lilitamkwa na mwanaanga wa kweli.

Uhura alikaa miaka mingi bila jina la kwanza. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler, akitayarisha kitabu kuhusu wahusika wa Star Trek, alipendekeza Nyota, naye Nichols aliposikia maana yake alilipokea kwa furaha. Safari hii hakuna irabu iliyoguswa. Jina hilo lilingoja hadi filamu ya mwaka 2009 ndipo likatamkwa mbele ya watazamaji, Uhura akiigizwa na Zoe Saldaña. Na katika mfululizo ulioanza mwaka 2022, ambamo anaigizwa na Celia Rose Gooding, mhusika huyo ametajwa kuwa mzaliwa wa Kenya.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022 mjini Silver City, New Mexico, akiwa na umri wa miaka 89. Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa angani kutoka Florida kwa roketi iliyoitwa Vulcan.