Nani Atashika Daftari?

(Mazungumzo ya mgeni wetu na klabu ya afya ya skuli moja ya sekondari, Mji Mkongwe)

Naona ubaoni mmeandika lengo lenu la mwaka huu: "Kupambana na malaria." Mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini nakuulizeni, ikifika Disemba mtajuaje kama mmefanikiwa? Kimya, eeh?

Mimi nilipokuwa Fomu ya Tatu niliandika ukutani, "Nitafaulu hesabu." Ukuta ulipendeza, mimi nikafeli. Baadaye nikaacha maneno makubwa, nikawa nafanya hesabu tano kila baada ya sala ya Isha. Tano unaweza kuzihesabu. Na siku ukifanya tatu, unajijua mwenyewe.

Sasa kisa cha hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Zanzibar ilianza kampeni ya kuitokomeza malaria, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Nyumba zikapulizwa dawa. Kufikia 1968, hapa Unguja wenye vijidudu vya malaria walikuwa chini ya 10 katika kila watu 100. Kazi kubwa! Kampeni ikasimamishwa. Watu walipopimwa mwaka 1973, zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Miaka mitano tu. Mbu hakuambiwa kwamba kampeni imekwisha.

Mara ya pili mambo yakawa mengine. Mwaka 2003 dawa ya mseto ilianza kutolewa bure katika vituo vya serikali. Mwaka 2006 vikaja vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito na watoto wadogo, na nyumba zikapulizwa tena. Malaria ikashuka chini ya asilimia 1. Safari hii hesabu haikuachwa: kituo kikimpata mgonjwa mmoja, afisa humfuata mpaka nyumbani, akawapima na anaoishi nao. Mmoja tu! Mwishoni mwa 2023 wagonjwa walipoongezeka ghafla, ilijulikana, kwa sababu kulikuwa na watu wanaohesabu.

Haya, turudi ubaoni. Jana usiku nani alilala ndani ya chandarua? Nyoosheni mikono, msione haya. Haifiki nusu! Wewe unayecheka, mkono wako uko wapi? Andikeni idadi hiyo hapo, ndipo mnapoanzia. Kisha mkubaliane wenyewe mnataka ifike ngapi kabla ya mvua za masika, na mtauliza tena siku gani. Kila Ijumaa? Vizuri. Asiye na chandarua msimcheke, mtafutieni njia. Sheha wenu mnamjua.

Jambo moja bado. Mwenyekiti, samahani, wewe usihesabu. Mwenyekiti siku zote hupenda hesabu ipendeze. Na Fomu ya Nne nao hapana, maana mwakani hawapo na daftari litaondoka nao, yatukute ya 1968.

Kwa hiyo nataka mtu wa Fomu ya Kwanza. Nani? Wewe wa nyuma kule, njoo uchukue kalamu.